Kadi ya Suica na matembezi ya kwanza Tokyo: uzoefu wangu

Tulikuwa tunakwenda Tokyo kutembea tu, mimi na mdogo wangu wa kike. Hatukwenda mkutanoni wala kununua gari, jambo ambalo kila tuliyemweleza Dar alilishangaa. Kwenye maombi ya viza ya Japani unatakiwa kuandika ratiba ya kila siku pamoja na mahali pa kulala, kwa hiyo ule mtindo wetu wa "tutajua hukohuko" unaishia ubalozini. Orodha za vivutio tulizozikuta mtandaoni zilitupangia Asakusa asubuhi, Shibuya mchana, kisha mnara wa Skytree jioni. Ukiifuatisha ratiba hiyo kwenye ramani, unagundua umelivuka jiji zima ukaenda na kurudi, na Skytree iko jirani na Asakusa ulikoanzia. Tukaziweka pembeni tukaanza upya, safari hii kwa kufuata njia za reli.

Chombo cha kazi hiyo ni Suica, kadi ya salio ambayo kampuni ya reli ya JR East imekuwa ikiitoa tangu 2001, ile yenye picha ya pengwini. Unatia fedha, unaigusisha getini ukiingia, unaigusisha tena ukitoka, na nauli inakatwa kulingana na umbali. Mtu aliyezoea kulipia kivuko cha Kigamboni kwa N-Card hahitaji kufundishwa. Ila hii imeenea mno. Tokyo Metro ina njia 9 za chini ya ardhi, Toei ina 4, halafu kuna JR na kampuni binafsi kadhaa, kila moja na nauli zake. Bila kadi ungesimama mbele ya ramani ya ukutani kila mara kutafuta bei ya unakokwenda. Ukiwa nayo unapita tu, na salio lako linaonekana kwenye kioo kidogo cha geti. Safari nyingi za katikati ya jiji zilitugharimu kati ya yeni 150 na 350.

Zipo aina mbili za plastiki, na sisi tulichukua moja moja. Yangu ni ya kawaida: unaacha amana ya yeni 500, na salio haliruhusiwi kuzidi yeni 20,000. Ya mdogo wangu ni Welcome Suica, nyekundu yenye maua ya mcheri, ya wageni. Haina amana, inafanya kazi siku 28, na salio likibaki halirudishwi. Getini zote mbili ni sawa. Ukikuta maandishi yanayosema kadi ya kawaida haiuzwi, angalia tarehe: uuzaji ulisimamishwa 2023 kwa uhaba wa chipu, ukarudi Machi 2025. Kuhusu simu, mwenye iPhone anaweza kuweka Suica ndani yake. Simu za Android zilizotengenezwa kuuzwa nje ya Japani kwa kawaida haziikubali, kwa hiyo kama simu yako umeinunua Kariakoo, chukua plastiki na usipoteze muda.

Nilichokipenda zaidi ni namna ilivyotufundisha kupanga. Njia ya Yamanote, yenye rangi ya kijani kibichi, inazunguka katikati ya jiji: kilomita 34.5, vituo 30, mzunguko mmoja kama saa nzima. Tukaichora kwenye karatasi, tukaandika kila tunachotaka kukiona karibu na kituo chake, kisha tukakata duara vipande. Kipande kimoja, siku moja.

Mashariki ilikuwa Ueno na Asakusa. Ueno kuna Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, ambayo kwa kawaida hufungwa Jumatatu, hivyo siku hiyo tukaikwepa. Kutoka hapo unashika njia ya Ginza, iliyoanza 1927 na ndiyo kongwe kuliko zote za chini ya ardhi jijini, mpaka Asakusa kwenye hekalu la Sensoji. Nenda mapema kabla maduka ya Nakamise hayajafunguliwa. Ukichelewa utasukumwa na umati kuanzia lango la taa kubwa nyekundu. Skytree, mnara wa mita 634, uko ng'ambo ya mto Sumida na unaufikia kwa miguu. Tuliutazama kutoka chini tukaridhika, maana sehemu ya kutazamia juu ya jengo la serikali ya jiji huko Shinjuku, ghorofa ya 45, ni bure.

Magharibi ndiko tulikojaza zaidi. Harajuku kuna Meiji Jingu, hekalu la mwaka 1920 ndani ya msitu mnene kiasi kwamba unasahau reli iko hatua chache nyuma yako. Tuliiweka siku hiyo Ijumaa kwa makusudi: ukitoka Meiji Jingu unapanda njia ya Chiyoda kituo cha pili, Yoyogi-Uehara, na hapo upo msikiti wa Tokyo Camii, wenye nakshi za Kituruki. Mdogo wangu aliswali Ijumaa yake, mimi nikamsubiri ghorofa ya chini. Alasiri tukarudi Shibuya kuona ile njia panda ambayo watu huvuka kutoka pande zote kwa pamoja, na usiku Shinjuku.

Shinjuku nitaizungumzia peke yake. Ni stesheni yenye abiria wengi kuliko zote duniani na milango ya kutokea inazidi 200. Kwenye ratiba yako andika namba au jina la mlango, jina la kituo pekee halitoshi. Mlango usio wako unaweza kukutoa robo saa mbali na unakokwenda, na kadi haitakusaidia kitu. Epuka pia treni za saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, hasa ukiwa na begi. Makabati mengi ya kuhifadhi mizigo stesheni hulipiwa kwa Suica hiyohiyo, na treni za mwisho ni kuanzia saa sita usiku kuelekea saa saba. Baada ya hapo ni teksi, na teksi ya Tokyo si ya kuita bila kufikiri.

Kasoro zake? Kubwa ni kwamba mashine nyingi za kuongeza salio zinataka noti. Kadi ya benki haikubaliwi, kwa hiyo tulikuwa tunaanzia kwenye ATM za 7-Eleven, ambazo zinapokea kadi za kigeni. Ya pili, huwezi kugusa Tokyo ukashukia Osaka kwa kadi hii, ingawa ukifika Osaka inatumika kama kawaida. Ya tatu, haina punguzo la siku. Siku ya mashariki tulinunua Tokyo Subway Ticket, tiketi ya treni za chini ya ardhi, ambayo ipo ya saa 24, 48 na 72. Inahesabu saa tangu ulipoitumia mara ya kwanza, na haifanyi kazi kwenye treni za JR.

Wakala mmoja wa safari hapa mjini alitaka kutuuzia JR Pass ya siku 7, tiketi ya kupanda treni za JR nchi nzima. Oktoba 2023 ya kawaida ilipandishwa hadi yeni 50,000. Kwa mtu anayebaki Tokyo, hiyo ni kutupa hela.

Na hili halihusiani na kadi, ila nililifurahia sana. Tokyo iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, kwa hiyo saa ya stesheni ikionyesha 3 alasiri, nyumbani ni saa tatu asubuhi. Soma mishale ilivyo, umepata saa ya mama. Sikupiga hesabu hata mara moja.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya noti.

Siku ya kuondoka, tumia salio dukani: likiwa pungufu, duka la vyakula litakata lote na kilichobaki utaongezea kwa sarafu. Kadi ya kawaida ukiirudisha ofisi ya JR East unapewa amana yako, lakini kwenye salio wanakata yeni 220, ndiyo maana ya kulimaliza kwanza. Yangu sikuirudisha. Inaishi miaka 10 tangu ilipotumika mara ya mwisho, na mdogo wangu ameshaanza kuniuliza kuhusu Kyoto.