Uji wa ulezi ila utadhani keki
Jamani kuna kibanda hapa Wandegeya, Kampala, wanauza uji wa ulezi asubuhi, nimeenda siku tatu mfululizo na bado nautaka. Mama anaponda bogoya, ndizi tamu, ile iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, anaipikia humohumo kwenye uji na mdalasini, sukari hatii hata kidogo, halafu juu anaweka kijiko cha odii, ile karanga na simsim iliyosagwa ya Waacholi, inayeyuka taratibuuu we utadhani unakula keki ya moto! Shida vikombe vyake vya plastiki vinaunguza vidole, na ukifika saa tatu umeisha, unaambiwa chapati tu. Mi siku hizi nabeba kikombe changu, saa moja nishafika.