Kamera ya CCTV ya usiku: uliza shata kabla ya megapikseli

Video mnazonitumia zinafanana. Mwizi anapita getini saa nane usiku, ukuta unaonekana vizuri, gari linaonekana vizuri, ila uso wake ni moshi mtupu. Na kamera ni ya 8MP, yaani megapikseli nane! Inaniuma, maana wengi mmejinyima kuinunua.

Tatizo ni shata, yaani muda ambao kamera inakusanya mwanga kwa kila picha. Giza likiingia, kamera nyingi zikiachwa na mipangilio ya kiwandani hushuka hadi 1/25 ya sekunde. Anayetembea mita 1.5 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 6, karibu nusu ya upana wa uso. Bodaboda inayokatiza kwa kilomita 36 kwa saa imesogea sentimita 40, namba yote imefutika. Ukuta hausogei, ndiyo maana muuzaji anakuonyesha ukuta.

Ukiweka 1/100, yule mtembeaji anasogea sentimita 1.5 tu, na kwa umeme wetu wa hezi 50 taa hazitachezacheza kwenye picha. Ila mwanga unabaki robo, na chenga (vidoti vya ukungu kwenye picha) zinajaa. Hapo lenzi ndiyo inayokuokoa: namba ya F ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa, hivyo F1.0 huingiza mwanga mara nne ya F2.0 na kufidia hasara yote.

Kwa hiyo namba moja kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Hikvision ColorVu (aina inayoonyesha rangi hata usiku) ya 4MP, DS-2CD2047G2-L. Ina lenzi ya F1.0 na sensa (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) ya inchi 1/1.8, hivyo kila pikseli inapata nafasi kubwa kuliko kwenye 8MP zilizobanwa ndani ya sensa ya 1/2.8. Ukitaka 8MP kweli, chukua ndugu yake DS-2CD2087G2-L yenye sensa ya 1/1.2.

Ya pili ni Reolink CX410. Lenzi na sensa zina vipimo sawa na vya ile Hikvision ya 4MP, nayo ni kamera nzuri.

Kwa namba za bodaboda achana na kamera hizi za rangi. Tafuta kamera ya infraredi (inayomulika kwa mwanga usioonekana kwa macho) yenye lenzi ya kuvuta karibu, weka shata 1/500, ielekeze barabarani tu. Picha itakuwa giza, lakini kibao kinaakisi mwanga na namba inasomeka.

Vikamera vya WiFi vya bei chee, vile vya umbo la balbu, vingi havikuruhusu kugusa shata. Vipite.

Sasa wauzaji. Boksi linatangaza megapikseli kwa herufi kubwa, luksi (kipimo cha mwanga mdogo kabisa ambao kamera inadai kuona) ndogo ajabu, na shata iliyotumika kupima hizo luksi haiandikwi popote. Mwambie azime taa za duka, apite mbele ya kamera kwa haraka, kisha asimamishe video kwenye uso wake. Akikataa, nenda duka jingine. Mafundi nao wanaacha mipangilio ya kiwandani, ukiwaita warekebishe shata wanadai hela upya, na wengine wameondoka na nywila ya mfumo wako. Idai nywila hiyo kabla hujamalizia malipo.