TSP ya kilo 50 kwa kufunga risasi: kazi inafanya, ila si kwa kila kifusi

Nyota nne kwa tano kwa mbolea ya TSP (triple superphosphate, mbolea ya fosfati), kwa kifusi cha mgodi au udongo wenye risasi, ile metali ya sumu, tu. Udongo wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ambao Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 usafishwe, ulichafuliwa na betri chakavu, si mgodi. Dawa ni ile ile ya kifusi cha mgodi: fosfati hukamatana na risasi na klorini, likatokea jiwe la piromofaiti ambalo maji ya mvua hayaliyeyushi kirahisi. Risasi haiondoki, inabaki pale pale ikiwa imefungwa.

Mfuko una 46% ya P2O5 (namna ya kuhesabu fosfati kwenye mbolea), yaani kilo 10 hivi za fosforasi halisi. Tani ya kifusi yenye kilo 5 za risasi, kwa hesabu ya karatasini, inataka kilo 2 na kidogo za TSP. Usiifuate hesabu hiyo. Chuma, alumini na kalisi hunyang'anyana fosfati na risasi, kwa hiyo anza na nusu mfuko kwa tani, na mfuko mzima kifusi kikiwa kichafu zaidi.

Kosa kubwa ni kumwaga punje kama zilivyo. Ukipasua bonge baada ya wiki utaikuta punje ya kijivu ndani, ngumu bado, na udongo wa nusu sentimita pembeni yake haujaguswa. Saga iwe unga, changanya na kifusi kilichochekechwa, nyunyiza maji hadi ukifinya konzi ishikane bila kuchuruzika. Acha siku 10 chini ya turubali. TSP ina asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoifungua risasi ya kabonati ili ikamatwe. Ndiyo maana chokaa huja mwisho, kurudisha pH (kipimo cha asidi) kwenye 7 au 8. Ukiitanguliza, umeizima dawa.

Saruji peke yake hatuipendekezi kwa risasi. Ikizidi, pH hupanda kupita 12 na risasi huanza kuyeyuka upya.

Dukani utaambiwa DAP, mbolea ya fosfati yenye amonia, ni sawa kwa kuwa nayo ina 46. Kataa. Amonia yake hugeuka naitreti, huacha asidi kwenye udongo na kuchafua visima.

Nyota tuliyoikata ni ya aseniki, sumu nyingine. Mabaki ya dhahabu, kama ya Migori, huwa nayo mara nyingi, na fosfati huisukuma itoke kwa kuwa zinagombea nafasi moja ya kujishika kwenye udongo. Huko tumia salfeti ya chuma na chokaa. Kifusi chenye salfaidi (madini yenye salfa) nacho kina deni lake, kwa kuwa hutoa asidi: kila 1% ya salfa ya pairaiti, salfaidi ya chuma, hutaka kilo 31 hivi za unga wa mawe ya chokaa kwa tani, na mawe makubwa hayafai, hufunikwa na kutu yakaacha kufanya kazi.

Pima kabla na baada: gramu 100 za kifusi kwenye lita 2 za asidi ya siki iliyozimuliwa, zizungushwe saa 18. Kipimo cha Marekani huruhusu miligramu 5 za risasi kwa lita.

Usifanye kazi hii masika yakikaribia. Fosfati ambayo haijashikana husombwa, kwa Owino Uhuru, hadi hori la Tudor la Mombasa, na huko hulisha mwani.