Saiba (duka la intaneti) ya Kongowea ya kuaplai chuo, kwa wenye gredi za kupanda na kushuka

Kama una mtoto ametoka fomu foo na karatasi yake ya matokeo ina A- huku na D kule, usimpeleke saiba yoyote tu ati kwa sababu iko karibu. Hii nnayoisifu iko Kongowea hapa Mombasa, upande wa wauza mitumba, haina hata bango la maana, uliza tu kwa yule kijana wa vyuo utaonyeshwa.

Mdogo wangu alipata C+ ya pointi 51, jumla ya masomo 7. Kiswahili A-, IRE (dini ya Kiislamu) B+, Kiingereza B, Historia B, halafu chini huko ni kilio, Bayo C-, Kemia D+, Hesabu D. Nyumbani kila mtu ana lake. Mama ataka nesi na hasikii la mtu. Shemeji alioko Marekani naye kapiga simu akisema kule kwao chuo cha jimbo wakaazi wa jimbo hulipa karo ya chini na vingi huwapa nafasi kwanza, basi aaplai TUM (Technical University of Mombasa) si ndo chuo cha nyumbani. Na sisi twakaa Tudor, chuo twakiona, tukajiona tushaingia.

Yule kijana alimsikiliza mama mpaka mwisho (hapo nlimpenda) kisha akamwambia, mamangu, KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, yapanga watu wa nchi nzima, kukaa Tudor hakukuongezei hata nusu pointi. Akaeleza kwanza kwanini ile D haitupiki, manake tangu KCSE (mtihani wa fomu foo) ya 2023 wastani ni Hesabu, lugha moja na masomo mengine 5 uliyofanya vizuri, kwa hivo Kompyuta alofeli imeachwa lakini Hesabu imebaki palepale.

Halafu akachukua karatasi. Hesabu yenyewe ni hivi, wachukua pointi za masomo 4 ya klasta (yale ambayo kozi unayotaka huangalia) wagawa kwa 48, wachukua pointi zako za masomo 7 wagawa kwa 84, wazidisha hizo mbili, watafuta skwea ruti, kisha wazidisha kwa 48. Kwa Kiswahili, Kiingereza, IRE na Historia ana 39, ikatoka kama 33.7. Akageuza upande wa nesi, Bayo, Kemia, Hesabu na Kiswahili, ikawa 23, ikashuka mpaka 25.9 hivi. Mtoto ni yuleyule, C+ ni ileile. Na juu ya hapo nesi ya digrii wataka gredi nzuri kwenye Bayo na Kemia zenyewe, kwa hivo hata ungepigana na klasta mlango ushafungwa. Mama alinyamaza, na mama si mtu wa kunyamaza.

Tukafungua potali, ile tovuti ya KUCCPS ya kuaplai, kila kozi imeandikwa pointi za mwisho walizochukua miaka ya nyuma, tukatafuta ualimu wa Kiswahili na Historia, Pwani University kule Kilifi ikawa miongoni mwa za kwanza. Hakumwacha ajaze za ndoto tupu, moja ya kujaribu bahati na nyingine ambazo pointi zake zimezidi za mwaka jana, na ziko kaunti za mbali pia, hapo mama akaanza upya.

Sasa ubaya. Joto! Feni moja na imeelekezwa kwa mwenye duka. Ada ya potali ni 1,500 yalipwa eCitizen, hiyo sawa, lakini wao wakata 300 zao na kuprinti ni pesa nyingine, hawasemi mpaka ukitaka kutoka. Kubwa zaidi ni paswadi ya potali. Ukiingia mara ya kwanza watumia namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE (mtihani wa darasa la nane), kisha wabadilisha, na pale wawabadilishia wateja wao wenyewe na kuandika kwenye daftari liko mezani kila mtu alisoma. Nlikataa, mdogo wangu akaandika yake mwenyewe na imeili yake. Fanyeni hivo, manake ukitaka kubadilisha kozi baadaye na paswadi iko kwa mtu wa saiba utamfuata yeye kila mara, na kila mara ni hela.

Nyota nne. Ijumaa wafunga mchana kwa sala na kurudi ni wakipenda, na ile wiki ya mwisho kabla potali kufungwa usijaribu, foleni yafika barabarani.