Nilimlipa mtu anitafutie kiambaza changu kimetoka wapi

Nilinunua mbao nne za kiambaza cha kukunja, kile cha kusimamisha chumbani kugawa nafasi, kwenye mnada mdogo hapa Uingereza. Mnadi alikiita "Coromandel" na kuapa kimetoka India. Nilipotaka kukiuza, kila mnunuzi wa maana aliniuliza: kimepita mikononi mwa nani? Nikamtafuta mtafiti wa kujitegemea. Pauni 280, ripoti ndani ya wiki tano. Ilifika wiki ya kumi na moja.

Dai la India lilianguka siku ya kwanza. Viambaza hivi vilitengenezwa China, vingi enzi za mfalme Kangxi (1661–1722), vikapitia pwani ya Coromandel, kusini-mashariki mwa India, kwenda Ulaya, jina likabaki la njiani. Sawa na masanduku yetu "ya Zanzibar" ambayo mengi yalitoka India.

Mtafiti wangu, mama mmoja, hakujishughulisha na ndege na maua ya mbele. Alipiga magoti na tochi, akatazama mbavuni. Kila ubao una matundu ya bawaba pande zote mbili, kwa hiyo zangu ni mbao za katikati. Kiambaza kizima aghalabu huwa na kumi na mbili. Penye kona iliyobanduka akanionyesha tabaka: mbao, kitambaa, udongo, halafu laka, ule utomvu wa mti. Nyuma kuna maandishi ya kumtakia mzee fulani heri ya kuzaliwa. Husomwa kuanzia kulia, na tarehe huja mwishoni, kwenye ubao wa kushoto kabisa. Ndio nisio nao! Nilicheka, kisha nikaumia.

Chini ya vumbi ikatokea namba ya mnada, wino mweusi. Akaifuata kwenye katalogi za zamani hadi London, 1936, wakati huo mbao zikiwa sita. Hapo pesa yangu ilirudi, maana wanunuzi wanataka uthibitisho kwamba kitu kilitoka China kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Kuhusu miaka ya kabla ya 1936 aliandika neno moja tu: "haijulikani". Programu niliyoijaribu mwanzo, ya kutuma picha, ilinipa "kasri la kifalme" kwa pauni 30 bila hata kuomba picha ya mgongo.

Lawama ninazo: simu hapokei, na nauli ya treni niliiona kwenye ankara tu. Nyota nne. Ukimwendea, piga picha za mgongo na mbavu kwanza, na usifute vumbi.