Lichess yapimwa kwa gambiti ya Kasparov: je, inamfaa mchezaji wa Kigoma?

Kwa mchezaji wa sataranji wa Ujiji au Mwanga asiye na kocha, Lichess, tovuti na programu ya sataranji, ndiyo huduma ya kwanza ya kuweka kwenye simu. Ni bure, haina matangazo, na inaendeshwa kwa michango. Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha mwaka 2010. Nguvu yake utaiona ukiipa ufunguzi mkali, yaani hatua za mwanzo za mchezo.

Ingiza mchezo wa 16 wa Karpov (mweupe) na Kasparov (mweusi) wakiwania ubingwa wa dunia, Moscow 1985 (N ni farasi, B askofu, Q malkia, x ni kula): 1.e4 c5 2.Nf3 e6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nc6 5.Nb5 d6 6.c4 Nf6 7.N1c3 a6 8.Na3 d5. Mweusi anatoa askari apate kasi; hiyo ndiyo gambiti. Ikafuata 9.cxd5 exd5 10.exd5 Nb4 11.Be2 Bc5 12.O-O, na hatua ya 16 farasi mweusi akatua d3. Hapo hang'oki! Ngome za Karpov zikakosa pa kupita, na alipomla farasi huyo kwa malkia hatua ya 34, Nf2+ ikamgharimu malkia mwenyewe. Mweusi akashinda hatua ya 40.

Sasa fungua kumbukumbu ya michezo ya mabingwa, urudi hatua ya 12. Utakuta hatua nyingine, Be3, aliyoicheza Karpov mwaka 1986 dhidi ya van der Wiel. Mweusi akila 12...Bxe3, inakuja 13.Qa4+ na farasi wa b4 hana mlinzi. Gambiti ile ilivunjika hapo. Anayetazama asilimia za ushindi peke yake hulikosa jambo hili, kwa kuwa michezo ya mstari huu ni michache na ushindi mmoja maarufu unapotosha hesabu. Fungua mchezo wenyewe, usome hatua.

Injini ya Stockfish, programu inayopima hatua, iwekee mistari mitatu, si mmoja, ili uone hatua ya pili ni mbaya kiasi gani. Ikiachwa muda mrefu, simu hupata moto na chaji huisha haraka. Kwa mchezo uliokwisha, omba uchambuzi wa seva, kazi ifanyike kwenye kompyuta zao.

Udhaifu mkubwa kwa huku kwetu: kumbukumbu hiyo haifunguki bila mtandao. Bando likiwepo, hifadhi mistari yako kwenye somo (Study), daftari la ndani ya Lichess ambalo hubeba hadi sura 64, kisha pakua faili la PGN, muundo wa kuandikia michezo ya sataranji. Faili hilo ni maandishi matupu, halimalizi bando, na programu nyingi za sataranji zitalisoma hata mtandao ukikatika.