Chakula cha kuku wa nyama kutoka duka la mtaani: lebo na gunia havikulingana

Nimelisha makundi mawili ya kuku wa nyama, vifaranga 200 kila kundi, kwa chakula kinachochanganywa katika duka moja la vyakula vya mifugo hapa Morogoro, na tofauti niliyoiona imeniuma. Lebo ya chakula cha kuanzia ilitaja protini asilimia 22, kiwango kinachomfaa kifaranga katika wiki zake za mwanzo, na kundi la kwanza lilifikisha kilo mbili siku ya 36.

Kundi la pili lilidorora. Manyoya yalichelewa kufunika migongo, kuku wakaanza kudonoana, na nilipokoroga konzi moja ya chakula katika glasi ya maji, mchanga ulitulia chini kwa unene wa kidole. Bila shaka dagaa wanaotiwa humo kwa ajili ya protini hawakuchekechwa kuondoa mchanga. Ilinibidi niwalishe siku tisa zaidi, na kwa kuwa chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji, magunia hayo ya ziada yalimeza faida yote.

Muuzaji alinisikiliza kwa heshima na kunibadilishia magunia mawili. Hata hivyo, alinishauri niongeze dagaa kwa wingi hadi siku ya kuuza, ushauri ambao siukubali, kwani kuku anayekaribia kuuzwa hutosheka na protini asilimia 18 hadi 20, na protini inayozidi hutoka kwenye kinyesi, ikalowesha maranda na kujaza banda harufu kali ya amonia. Chakula cha kumalizia sasa nachanganya mwenyewe, kwa soya iliyokaangwa na dagaa niliowachekecha.